Jina kwa Wino Mwekundu

Hupo, 6 Machi 2017

Mpwa wangu Eun-gyo,

Salamu zako hizi hapa, chukua zote, mimi huku ninazo za kutosha. Na wewe afande unayefungua barua za watu hapo gerezani, nakusalimu pia. Mimi ndiye Maeng Chun-sik wa bandari ya Hupo, niliyewahi kumtoa majini kaa mwenye miguu mirefu kuliko yako. Uliza mtu yeyote mnadani.

Eun-gyo, ile kazi uliyonipa siku ile nilipokutembelea, nyuma ya kioo, nimeimaliza. Polisi walisema hawajui alikohamia, majirani zake wa zamani walisema hawajui. Mjomba wako amejua. Nimeipekua pwani yote kuanzia Pohang hadi Sokcho, kwa basi, kwa miguu, na sehemu moja nikiwa nimelala juu ya lori la ngisi, mvua inanipiga usoni. (Mkazamjomba wako atakuambia nilikwenda Jukbyeon kuuza kamba, nikagongana naye sokoni. Usimsikilize. Huyu mwanamke hajawahi kuniamini tangu siku ya harusi.)

Yuko Jukbyeon. Cheon Gi-tae mwenyewe, dereva wa lile gari la njano la darasa la taekwondo. Yule aliyekunywa soju mchana, akafunga mlango juu ya ncha ya mkanda wa kiunoni wa Ha-ram wetu, akaondoa gari mtoto akiwa nje. Yule aliyekaa mahabusu akimwandikia jaji barua za majuto, leo moja kesho moja, mpaka jaji naye akalainika, akamwambia nenda nyumbani usirudie tena. Sasa anaosha kreti za kaa. Anaosha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unaning'inia tu kama soksi kwenye kamba, kisu chako kilifanya kazi yake pale kwenye ngazi za mahakama.

Hakunitambua. Nimenenepa tangu kesi. Nikasimama mbele yake, nikamwambia, "Wewe, kreti hiyo inanuka."

Akasema, "Samahani, kaka," akaiosha upya.

Nikamwambia, "Bado."

Akaiosha tena. Nikamwambia bado. Nilimkalia hapo mpaka wachuuzi wakaanza kucheka, na mwenye kibanda akauliza mimi ni mkaguzi wa wapi. Nikamwambia wa Seoul. Akanipa kaa wawili wa bure.

Sasa niambie mwenyewe, nani mwingine katika ukoo huu angeweza?

Mjomba wako,
Maeng Chun-sik

---

Gerezani, 19 Machi 2017

Mjomba,

Nimepata barua. Asante. Sikutegemea.

Usirudi tena kumchezea. Usimwambie wewe ni nani, na nakuomba usinywe soju na watu wa huko, maana ukinywa unasema. Akihama Jukbyeon nitakuwa nimempoteza.

Mwaka huu, baada ya sikukuu ya Chuseok, natoka. Afisa wa hapa ni dada mwema, ananishauri niandike barua ya majuto nipunguziwe miezi. Anasema wenzangu wote wanaandika, ni karatasi tu. Nimemwambia siwezi. Gi-tae aliandika, tukaona faida yake. Unakumbuka wakili alivyozisoma kwa sauti ya msibani? "Mheshimiwa jaji, silali." "Mheshimiwa jaji, nimeacha pombe." Zote kwa jaji, mjomba. Jaji ndiye aliyemzaa Ha-ram? Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, ningeweza kuunyoosha mkono nikamgusa bega, na hakunigeukia hata mara moja.

Nikitoka nitakwenda kumwamkia mwenyewe. Baada ya hapo sina safari nyingine, kwa hiyo mwambie mkazamjomba asihangaike kunitafutia chumba wala kunitunzia blanketi.

Kula vizuri. Punguza chumvi.

Eun-gyo

---

Hupo, 11 Mei 2017

Mpwa wangu,

Kaa chini kabla hujasoma. Umekaa? Haya.

Gi-tae amekufa.

Ilikuwa hivi. Mwenye mashua mmoja wa Jukbyeon alipungukiwa na mtu, akamchukua yule bwana akamsaidie kuvuta mitego ya kaa, ijapokuwa ana mkono mmoja. Na mimi nilikuwamo, maana mwenye mashua huyo haendi baharini siku ya upepo bila kuniomba nimsomee mawingu. Tukafika mbali, nchi kavu haionekani. Wimbi likaja. Eun-gyo, nimeona mawimbi, lakini lile lilikuwa refu kama jengo la benki hapa kwetu, na juu yake nikaona samaki wakituangalia. Kamba ya mtego ikamnasa mguu. Nikaruka. Ndiyo, mjomba wako alijitupa kwenye maji ya baridi akiwa na viatu. Nikamshika kola, kola ikachanika, ikabaki mkononi mwangu. Akazama akinitazama.

Najua unavyofikiri, unasema mjomba ameanza. Basi nimeazima kalamu ya mnadani, ile ya kuandikia bei, na jina lake naliandika nayo hapa chini. Soma mwenyewe na uone rangi:

Cheon Gi-tae.

Unaona? Nyekundu. Jina la mtu aliye hai haliandikwi hivyo hata na mlevi, ni kumwitia kifo.

Kwa hiyo safari yako imekwisha, mwanangu. Bahari imekusaidia. Huna tena wa kumwamkia, na mikono yako ni safi. Njoo moja kwa moja Hupo. Chumba cha nyuma tumekibandika karatasi mpya ukutani, yenye maua, mkazamjomba alichagua yeye na ni mabaya kweli, utayazoea.

Mjomba wako anayekusubiri,
Maeng Chun-sik

---

Gerezani, 2 Juni 2017

Bwana Maeng,

Hunijui. Mimi ni Ju Bok-sil, tunalala chumba kimoja na mpwa wako. Nina miaka ya kuitwa bibi, na humu ndani wananiita hivyo. Nilichofungiwa ni kati yangu na marehemu mume wangu, hakihusiani na barua hii.

Nakuandikia bila ruhusa ya Eun-gyo. Mwanzoni alipokea habari zako akacheka. Alinisomea lile wimbi lako. Alisema, "Bibi, mjomba haoni bahari ila kwenye ndoo, hata kuogelea hajui." Tukacheka wote chumba kizima, maana barua zako huwa tunazingoja. Halafu akafika kwenye jina. Akaligusa kwa kidole. Akaniuliza, "Bibi, huu ni wekundu au macho yangu?" Nikamwambia ni wekundu. Akasema, "Mjomba ni mwongo wa kila kitu, lakini hili asingeweza. Hakuna mtu angeweza." Akaikunja barua.

Tangu siku hiyo amegeukia ukuta. Wali wake unarudi kama ulivyokuja. Nimempigia kelele, nimembembeleza, nimemwambia nitaila mimi hiyo kabichi yake ya kimchi, hajali. Wamemtundikia dripu zahanati, akarudi akageukia ukuta ule ule.

Mimi nilidhani atafurahi. Nikamuuliza, si ndicho ulichokitaka miaka yote? Akanijibu kwa sauti ndogo sana. Alisema, "Nilikuwa na swali."

Sijui swali gani. Lakini wewe kama una kitu cha kumwambia mpwa wako, kiandike upesi, na safari hii usilete samaki wanaotazama watu.

Ju Bok-sil

---

Hupo, 7 Juni 2017

Eun-gyo, kula. Yu hai.

Naandika nikiwa nimesimama. Kula kwanza, ndipo usome.

Umekula? Basi ilikuwa hivi. Lile wimbi lilipomchukua, likambeba hadi kwenye mwamba mmoja ambao ni mimi tu ninayeujua, na pale

Mkazamjomba wako amesimama nyuma yangu na mwiko. Anasema niandike ilivyo.

Hakutoka baharini wala hakuingia. Hakuna mashua iliyomchukua. Ule wino ni mimi. Ulisema usitunziwe blanketi, na mimi na huyu mama hatukulala, tukawa tunatazamana tu. Ningefanya nini? Ningekuandikia shauri la busara? Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha. Ninachoweza ni kusimulia. Nikajiambia, huyu mtoto akiamini mtu wake amekufa, atatoka pale gerezani kama watu wengine wanavyotoka, ataona njaa, atakuja kula kwetu. Nilijua wimbi hutaliamini. Ndiyo maana nikachukua kalamu ile.

Barua ya Bibi Bok-sil ilipofika nikapanda basi la kwanza kwenda Jukbyeon. Nilikuwa naogopa, nisikufiche. Niliogopa nitamkuta amekufa kweli kwa sababu ya mkono wangu. Nikamkuta ameinama kwenye kreti zake. Nikajikuta namwambia, "Wewe, u mzima?"

Akanitazama. Akasema, "Wewe ni mjomba wake. Nilikujua tangu siku ya kreti."

"Kumbe? Mbona ulinyamaza ukaosha?"

"Ilikuwa inanuka kweli."

Akajifuta mkono kwenye aproni, akaniuliza, "Anatoka lini?"

Nikamwambia, "Hiyo inakuhusu nini?"

"Nataka kujua tu."

"Baada ya Chuseok."

Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa. Sihami." Akaendelea kuosha. Si mnyama, Eun-gyo, wala si malaika. Ni mtu amekonda, ananuka kaa, hanywi hata bia, wachuuzi wanamcheka kwa hilo.

Jina lake nakuandikia tena hapa kwa wino wa kawaida, mweusi: Cheon Gi-tae. Mkazamjomba ameichoma ile kalamu jikoni.

Sasa niambie swali lako ni lipi.

Mjomba wako

---

Gerezani, 20 Juni 2017

Mjomba,

Nimekula. Bibi Bok-sil alinilisha uji kwa kijiko huku ananitukana, amekutukana na wewe pia. Anasema umemuua mtu na kumfufua kwa stempu mbili, na kwamba makanisani wanachukua muda zaidi.

Sikukasirikii. Nilitaka kukasirika, nguvu haikuwepo.

Swali ni hili. Daktari aliandika kwamba Ha-ram hakufa pale pale. Kuanzia gari liliposimama hadi gari la wagonjwa lilipofika, mwanangu alikuwa hai, na alikuwa anaongea. Mama wa duka la dobi alisema mahakamani kwamba aliiona midomo yake ikicheza, ila alikuwa mbali na alikuwa anapiga kelele yeye mwenyewe. Aliyepiga magoti karibu yake ni mmoja. Na huyo, wakili alipomsimamisha, alisema hakumbuki. Nilimtazama usoni akisema hivyo, mjomba. Alikuwa anakumbuka.

Mimi nilikuwa kazini. Nilikuwa nakunja mashati ya watu.

Siku ile kwenye ngazi sikwenda kumchoma tu. Nilikwenda kumuuliza. Kisu kilikuwa cha kumfanya ajibu. Mkono ukatangulia mdomo, na walinzi wakaniangusha kabla sijasema neno. Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nangoja nitoke nimuulize, na baada ya jibu ningemaliza nilichoanza, kwake na kwangu. Wino wako uliponiambia amekufa, nilimwona Ha-ram anaongea na mimi sisikii, basi hivyo hivyo milele.

Mwambie aniandikie. Asiniandikie majuto, hayo alishampa jaji. Aniandikie alichosema mwanangu. Maneno yenyewe.

Eun-gyo

---

Hupo, 3 Agosti 2017

Eun-gyo,

Nimechelewa kwa sababu alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimpelekea barua yako, nikamsomea yote hapo kwenye maji ya kaa. Akaketi juu ya kreti. Akasema, "Niko tayari, lakini siwezi kuandika." Akaunyanyua ule mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya goti nione. Vidole havishiki hata sigara, sembuse kalamu. Wa kushoto hakuwahi kuufundisha herufi.

Akaniambia, "Andika wewe."

Nikamwambia, "Mimi? Mpwa wangu hawezi kuniamini hata nikimwambia leo ni Alhamisi."

Akasema, "Hakuna mwingine ambaye naweza kumwambia."

Basi nimeandika. Nimeapa mbele ya picha ya dada yangu, mama yako, kwamba naandika anavyosema. Haya ni yake:

"Gari lilisimama kwa sababu mama wa dobi alipiga kelele. Nilishuka. Alikuwa amelala ubavu karibu na mfereji. Sikumnyanyua, niliogopa kumvunja zaidi. Nilipiga magoti. Aliniita 'mjomba dereva', ndivyo walivyoniita wote garini. Aliniuliza kama mkanda wake umechafuka. Ulikuwa umechafuka. Nilimwambia haujachafuka. Akaniuliza kama mama yake anakuja. Nikamwambia yuko njiani. Akasema nisimwambie mama kwamba hakuufunga mara mbili. Alisema mama alimwambia aufunge mara mbili na yeye alisahau. Akasema nimwahidi. Nikamwahidi. Akasema anaona baridi, nikamfunika koti langu. Lilikuwa linanuka pombe. Hakusema kitu tena.

"Wakili wangu aliniuliza mtoto alisema nini. Nilijua nikimwambia, atasimama aseme mkanda haukufungwa vizuri, kwamba kosa si la dereva peke yake. Nikasema sikumbuki. Zile barua za majuto wakili alinionyesha mfano, nikanakili. Hili ndilo pekee lililokuwa langu. Nilimwahidi mtoto. Leo nimevunja."

Na baada ya kumfunika koti Ha-ram akatabasamu, akafumba macho taratibu kama mtu anayelala mchana, na hakuumia hata kidogo.

Hapo ndipo mwisho. Yeye alirudi kuosha. Mimi nilikaa kituoni nikaliacha basi likaenda, nikaliacha na la pili. Eun-gyo, nimewahi kuandika barua nyingi maishani mwangu, niliwahi hata kumwandikia waziri, lakini

Basi.

Mjomba wako,
Chun-sik

---

Gerezani, 28 Agosti 2017

Mjomba wangu,

Tabasamu ni lako.

Ha-ram alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele, na wiki ile hakumtabasamia mtu yeyote. Aliziba mdomo kwa kiganja hata akila. Hukujua, kwa sababu mara ya mwisho ulipomwona alikuwa nayo. Na kwamba hakuumia, hilo pia ni lako. Sikulaumu. Najua ulivyokuwa unaandika mkono ukaenda wenyewe. Nimevipigia mstari hivyo viwili, vimebaki, ila najua ni vya nani.

Lakini kufunga mara mbili hukulijua. Hakuna aliyelijua. Nilikuwa namwambia kila siku mlangoni, nimeinama sikioni, kwa kunong'ona, kwa sababu wenzake walikuwa wanafunga mara moja na yeye alikuwa anaona aibu. Sikulisema polisi wala mahakamani. Hata Bibi Bok-sil sikumwambia. Kwa hiyo yaliyobaki ni kweli, na mwanangu alikufa akiogopa kwamba nitamgombeza.

Nimeandika sentensi hiyo mara moja. Sitaiandika tena.

Bibi alinishika mpaka afande akaja kuuliza kuna nini. Bibi akamwambia, "Anazaa, tuache." Sikujua kucheka au kulia, nikafanya vyote.

Nikitoka sitakwenda Jukbyeon. Usimwambie nimesamehe, sijasamehe na sidhani nitaweza. Siendi kwa sababu nikienda nitamuuliza tena, na kesho yake tena, alisemaje, sauti ilikuwaje, na siku moja atanionea huruma aongeze kitu, kama wewe ulivyoongeza, na mimi nitakiamini. Hapo nitakuwa nimempoteza mara ya pili, na safari hii sitakuwa na wa kumshika kola.

Nitakuja kwenu. Sijui kwa muda gani. Usinipokee getini na wachuuzi wako wote, njoo peke yako, na usisimulie chochote njiani mpaka nikuombe.

Miaka hii yote nilifikiri mimi ndiye mtu wa mwisho duniani aliyebaki na Ha-ram. Kumbe tuko wawili. Mimi ninayo miaka sita yake, na yule mtu wa kreti anayo yale maneno, ameyatunza na hakuyauza hata yalipoweza kumwokoa. Namchukia, mjomba, na simpati mwingine wa kuyatunza. Mwambie barua imefika. Mwambie namwachia ile ahadi, aendelee nayo, ahesabu kwamba hajaivunja.

Na mwambie asife.

Eun-gyo